Somo Ambalo Hakulifikisha Nyumbani

Alikuwa mchonga funguo. Kibanda chake kilibanwa kati ya duka la dawa na ngazi za jengo la ofisi, chembamba hata akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Wateja walimwita Bwana Tupa, kwa ile tupa ndogo ya kusugulia chuma aliyoichomeka nyuma ya sikio kama karani na kalamu yake. Alikuwa mtu wa taratibu. Ufunguo ukikataa kuingia, hakuulazimisha. Aliurudisha mezani akaanza upya.

Mkewe aliposhika mimba ya kwanza, zahanati ya mtaani ilitangaza masomo ya kujiandaa kujifungua: Jumatano nane, kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na moja jioni, baba na mama waje pamoja. Mke alikuwa anafunga sabuni kiwandani, na msimamizi wake alikubali kumruhusu siku za kupimwa tu. Masomo, alisema msimamizi, hayo ni ya watu wenye nafasi.

Basi mume akasema ataenda yeye, na kila atakachofundishwa atakileta nyumbani.

Mama mkwe alipopata habari alicheka mpaka akashika kiuno. Alisema yeye kazaa sita bila daftari, na tangu lini uchungu wa mwana ukasomewa na baba. Jirani naye akatoa ushauri wake, kwamba somo moja linatosha, mawili yakizidi sana, mengine yote ni kurudia yale yale. Bwana Tupa aliwasikiliza kwa heshima, na Jumatano ilipofika akafunga kibanda saa nane na nusu.

Darasani walikuwa wajawazito kumi na mmoja, na mwanamume alikuwa yeye peke yake. Siku ya kwanza alikaa karibu na mlango kama mtu aliyekosea chumba. Wiki ya tatu walikuwa wamemzoea. Mkunga aliyefundisha, mama mnene mwenye sauti ya chini, alikuwa akimwita mbele awaonyeshe wenzake namna ya kumkanda mama mgongo, akitumia mto. Bwana Tupa sasa alijua kuhesabu uchungu umepishana dakika ngapi. Alijua wakati wa kusubiri na wakati wa kukimbia hospitali.

Jioni mke alirudi akinukia sabuni, akakaa kwenye kigoda na kuitumbukiza miguu iliyovimba kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Mume akafungua daftari na kumsomesha. Mara nyingine alijilaza mkekani akajifanya ndiye anayejifungua, anapumua kwa mafungu kama alivyofundishwa, na mke akacheka mpaka machozi. Zilikuwa jioni nzuri kuliko zote walizopata kuwa nazo.

Somo la sita lilikuwa la upasuaji. Mkunga alieleza bila kupamba: si kila mtoto anapita njia ya kawaida, na ikibidi mama apasuliwe, atachomwa sindano ya mgongo, miguu itakufa ganzi, lakini atakuwa macho. Atatetemeka kwa baridi. Atasikia anavutwa tumboni, ila si maumivu. Akiyajua haya mapema, alisema mkunga, hatadhani anakufa.

Bwana Tupa aliyaandika yote. Njiani kurudi nyumbani alikuwa akimwaza shangazi wa mkewe. Shangazi huyo, aliyemlea mke, aliingia chumba cha upasuaji akitembea kwa miguu yake na hakutoka hai. Tangu hapo mke alikuwa hawezi hata kutazama kisu cha daktari kwenye picha. Jioni ile alimkuta mkewe miguu imo kwenye beseni tayari, ana furaha, anauliza leo ameletewa nini.

Akamwambia mkunga alikuwa na dharura, wamerudia la tano.

Alijiambia atamweleza wiki ijayo. Wiki iliyofuata likaja somo la kunyonyesha, kisha la nane la kumwogesha mtoto, na lile la sita likabaki daftarini. Kila alipotaka kulianza, alifunua ukurasa mwingine. Baadaye akajipa moyo kwamba huenda halitahitajika.

Uchungu ulianza asubuhi, mke anajiandaa kwenda kazini. Kila kitu kilikwenda kama kilivyoandikwa. Mume alihesabu dakika, akakanda mgongo, wakafika hospitali kwa wakati, na muuguzi akamsifu mke kwa kupumua vizuri. Ilipokaribia saa sita mchana, daktari akasikiliza tumbo mara mbili, uso ukambadilika. Mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yanashuka. Alisema mama apasuliwe sasa hivi, akaleta karatasi ya kutia sahihi.

Mke alimgeukia mumewe. "Hili walilifundisha?"

Angeweza kusema hapana. Kwa kuwa hakuwa mwongo wa kuzaliwa, alisema ndiyo.

"Mbona hukuniambia?"

Maneno yote ya mkunga yalikuwa kichwani mwake, mstari kwa mstari. Mke akatia sahihi, kitanda kikasukumwa, mlango ukafungwa. Muuguzi akamwambia baba asubiri nje.

Alisubiri. Alisimama, akakaa, akasimama tena. Aliwaza kuugonga mlango awaambie wamweleze mkewe kwamba miguu itakufa ganzi na ni kawaida, kwamba atavutwa na asiogope. Aliunyoosha mkono mara moja, akaurudisha. Mama mkwe alifika anahema, akakaa karibu naye. Safari hii hakucheka. Alimpa chupa ya maji, na yeye akaishika bila kuifungua.

Mtoto alitoka hai, wa kike, ana sauti. Mama naye alitoka hai. Lakini alipoweza kuzungumza, alikuwa akitazama dari.

"Miguu ilipopotea nilijua ndivyo shangazi alivyokwenda," alisema. "Nikaanza kuaga. Nilisikia mtoto analia, nikadhani nimeshakufa ndiyo maana namsikia kwa mbali."

Mume alisema alitaka kumkinga na hofu.

"Ulinikinga ukabaki unajua peke yako," akajibu mke, akafumba macho.

Walirudi nyumbani. Bwana Tupa alifua, akapika, akachota maji, akamwogesha mtoto kama somo la nane lilivyosema. Mke alimshukuru kwa kila kitu, kwa adabu, kama mtu anavyomshukuru mgeni. Hilo lilimuuma kuliko kutukanwa. Alijaribu kuomba radhi mara tatu. Mara zote mke alimwambia amesikia, na mazungumzo yakaishia hapo. Wateja kibandani walimuuliza kama yale masomo yalimsaidia, naye akaendelea kupiga tupa.

Wiki ya saba tangu mtoto azaliwe, asubuhi, mke alisimama mlangoni mwa chumba, mtoto analia begani.

"Sijakusamehe," alisema. "Lakini mshike, nikaoge."

Akampokea. Mtoto hakunyamaza. Alimbadilisha bega, akamtikisa kidogo, akampigapiga mgongoni, akatembea naye kutoka dirishani hadi kitandani, na mtoto akazidi kulia, huku maji yakimwagika bafuni, na yeye hajui afanye nini tena.