Majani Mabichi ya Baba Mdogo

Kila wanapofyeka majani nje ya ofisi yetu, harufu ile mbichi hunirudisha uani kwetu, milimani Mbulu, na hasira yangu huamka upya.

Baba alikuwa amefariki. Mdogo wake akaja akamfungua ng'ombe wetu pekee wa maziwa, akaenda kumuuza mnadani Endasak. Wazee walipomwita ajieleze, alifika ameshika majani marefu ya mlimani, bado yana umande. Kwetu, anayeomba radhi huja na majani mabichi.

“Shemeji, nimekosa,” alimwambia mama, akimnyooshea majani yale.

Sisi watoto tulimtazama mama. Tulitaka aseme ng'ombe arudi kwanza.

“Pokea, mama,” mzee mmoja alisema. “Mtu akija na majani hatumkatai.”

Mama akayapokea kwa mikono miwili. Wazee wakamshukuru Mungu, wakaketi kunywa chai. Baba mdogo akachungulia kikombe chake.

“Maziwa hakuna?” akauliza.

Walipoondoka, mama aliyabeba yale majani mpaka zizini, akayaweka palepale alipozoea kumlishia ng'ombe wake. Yakakaukia hapo, maana hapakuwa na wa kuyala.