Bwati ya gari ilikufa ikabaki rivasi tu, na harusi ya dada yangu ikafika

Wakuu, nawasalimu kutoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa mkitazama kutoka Kigoma.

Haya ni mambo yaliyonikuta mimi mwenyewe. Mke wangu Feza naye ni member humu. Nikiongeza chumvi atanisahihisha mbele yenu wote, kwa hiyo sina ujanja.

Nina gari ya zamani ya Kijapani, automatic, ilivuka ziwa kwa boti. Nafanya kazi bandarini. Gari hii inanipeleka kazini, inapeleka watoto shule, na ikibidi inabeba nusu ya kwaya ya parokia.

Siku moja mchana natoka kazini. Naweka D, injini inanguruma, gari imekaa. Nakanyaga zaidi, inanguruma zaidi, imekaa tu. Naweka 2, naweka L, hola.

Nikaweka R, kujaribu tu. Ikaondoka laini kabisa.

Nikarudia kama mara sita. Mbele haiendi. Nyuma inaenda.

Jua lilikuwa kali na nyumbani ni mbali kwa miguu. Nikazungusha makalio ya gari yakaelekea nyumbani, nikageuza shingo, nikaanza safari.

Karibu na soko polisi wa barabarani akanisimamisha. Mtu mpole, wa umri wangu.

"Papa, unaenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani njo wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole, upande wa buti.

Akaangalia buti, akaangalia boneti, akaniambia niko upande mbaya wa barabara. Huku kwetu tunapita kulia. Nami nilikuwa kulia, kwa jinsi nilivyokuwa naenda. Ila pua ya gari ilitazama kule nilikotoka, kwa hiyo kwa hesabu zake gari ilikuwa kushoto.

Nikashuka. Tukasimama watu wazima wawili kando ya barabara, tumenyoosha mikono, kila mmoja anatafuta kuume kwake. Yeye aligeuka mara mbili. Mwishowe akasema, "Enda pole pole, Papa. Na uwashe taa zote."

Kesho yake nikamleta fundi, Papa Lwamba, mstaafu wa karakana ya reli. Alichomoa kijiti cha oili, akanusa, akaninusisha na mimi. Oili nyeusi, inanuka kama kitu kilichoungulia jikoni.

Akanieleza kwamba ndani ya bwati (ndivyo tunavyoita gia boksi huku) kuna sahani za kwenda mbele na sahani za kurudi nyuma. Oili ilikuwa inavuja taratibu, mimi siangalii, za mbele zimeungua. Za nyuma bado nzima kwa sababu zinatumika kidogo. Dawa ni kutafuta bwati ingine Kigoma.

"Na kwa sasa?" nikamuuliza.

"Kwa sasa gari iko muzima. Inatembea."

"Inaenda nyuma, Papa Lwamba."

"Na mashini ya treni inaenda nyuma. Nimekaa nazo miaka yote. Hakuna abiria alikuja kulalamika."

Wakuu, nilimsikiliza.

Nikamwandikia binamu yangu wa Kigoma anitafutie bwati. Nikaendelea kutembea rivasi, mwendo wa kobe. Feza alihamia kiti cha nyuma, akasema yeye hawezi kukaa nyuma wakati mbele kuko wazi. Kutoka kule alikuwa ananionyesha mashimo. Shingo iliniuma mpaka nikawa naingia ofisini nimeangalia pembeni, na bosi akadhani nimemnunia.

Ningevumilia yote hayo, lakini harusi ya Riziki ilikuwa inakaribia.

Riziki ni dada yangu wa mwisho. Baba alishafariki, mimi ndiye mkubwa, na mimi ndiye wa kumpeleka kanisani. Aliniomba kitu kimoja tu, asifike kwa pikipiki na shela lake.

Binamu akapata bwati, akanitumia picha, safi kabisa. Ikafika kwa boti siku ya Alhamisi. Harusi Jumamosi. Tukafungua gunia mimi na Papa Lwamba, Riziki amesimama anatuangalia.

Papa Lwamba aliizunguka, akaipapasa.

"Bwati muzuri sana," akasema. "Ya gari ingine."

Ilikuwa manual. Niliagiza kwa jina la gari tu, na kule Kigoma wakapakia gunia la mteja mwingine mwenye gari ya jina hilo hilo.

Ijumaa yote nilizunguka kutafuta gari. Moja lilikuwa limeahidiwa msiba. Lingine liko juu ya matofali. Nikarudi nyumbani nimeshindwa, sijui nimwambie nini mtoto wa baba yangu.

Riziki alinikuta nimekaa barazani. Yeye ananiita yaya, ndiyo kaka mkubwa huku.

"Yaya, rivasi inafika kanisa?"

"Inafika."

"Basi twende nayo."

Asubuhi ukazuka ubishi mahali pa kuweka maua. Shangazi zetu wanasema boneti, Papa Lwamba anasema buti, kwa sababu ndilo linalotangulia. Feza akaweka kote kote.

Tukatoka. Buti mbele, boneti nyuma, na nyuma ya boneti wanakuja fanfari ya parokia na tarumbeta zao, ndugu, majirani, wote kwa miguu wanacheza. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwa nimekifikiria. Riziki, pale kiti cha nyuma, alikuwa anawatazama watu wake usoni kupitia kioo cha mbele. Anawapungia, wanampungia, njia nzima.

Na mimi shingo imegeuka, uso wangu uko karibu kabisa na wake. Nikaona anacheka huku machozi yanatoka.

"Yaya," akasema, "bibi harusi wengine wanaona kisogo cha dereva tu. Mie nawaona wote."

Nilikuwa nakwepa shimo, na macho yangu nayo yalikuwa na maji.

Bwati sahihi ilifika wiki iliyofuata, safari hii nilituma namba iliyo kwenye kibati cha bwati yangu ya zamani. Papa Lwamba akaifunga kwa siku mbili, oili mpya, akasema niijaribu.

Nikawasha, nikaweka D. Mbele ya boneti kabisa mama mmoja jirani yetu alikuwa amekaa na beseni lake la ndagala, yaani dagaa, ametulia.

"Mama, sogea kidogo, natoka."

"Toka basi, Papa," akasema, hakuinua hata kichwa. "Nani amekuzuia?"

Nilizima gari, nikashuka, nikakaa chini nimweleze tangu mwanzo.

Nilichojifunza ni kunusa oili ya bwati mapema, na kutoagiza bwati kwa jina la gari peke yake.

Wenye uzoefu wa bwati used, oili ikifika muda wa kubadilishwa mnaimwaga yote au nusu? Papa Lwamba na Feza hawaelewani, na mimi naishi na mmoja wao. Karibuni.