Hendeli Ikiwa Nyepesi

Enzi zetu sisi wa Awindiri, mtaa wa Arua, simu ilipimwa kwa mkono, kama mtu anavyopima ndoo ya maji kabla ya kuiweka kichwani. Mimi shule niliachia darasa la nne, kwa hiyo msiniulize mambo ya umeme. Ninachokijua alinifundisha mama yangu, aliyekuwa anakaa kwenye ubao wa simu pale posta ya Arua, ubao wa matundu na kamba, na hendeli ndogo ya kuzungusha pembeni.

Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule nilipita hapo kumpelekea kisra, ile mikate myembamba ya mtama, ambayo haboba, yaani bibi yangu, alikuwa ameipika na kuifunga kwenye kitambaa. Nikitaja kisra tumbo linaamka. Vijana wa sasa wanakula chapati yenye yai ndani asubuhi, mchana na jioni, halafu wanachoka kabla yangu mimi mzee. Haya, turudi posta.

Kazi ya kwanza ya mama ilikuwa kupima laini iendayo mji wa Koboko. Anachomeka kamba, anazungusha hendeli. Ikiwa nzito, inagoma kama mbuzi anayevutwa, basi nyaya mbili zimegusana mahali. Ikiwa nyepesi, inakimbia tu, waya umekatika. Ikiwa na uzito wa kadiri, laini ni nzima na kengele inalia kule; kilichobaki ni mtu kuitika. Na mwenye kuitika alikuwa baba, fundi wa laini, aliyepelekwa Koboko na kazi. Sisi tulimwona Jumapili, na baiskeli yake.

"Koboko iko?" mama anauliza.

"Koboko iko."

Basi. Mambo ya nyumbani hayakuruhusiwa, wakubwa walikuwa wanasikiliza. Lakini mama hakugusa kisra yake kabla ya kusikia hayo maneno mawili.

Siku moja ya mvua hendeli ikawa nzito. Baba akaja na baiskeli kutoka Koboko, akikagua nguzo moja moja, mpaka karibu na mjini akakuta nguzo imeinama na mama mmoja mzee ameanika mablanketi kwenye nyaya. Yule mama akamwambia asiyaguse, bado mabichi. Baba akakaa chini akangoja yakauke. Alikuwa mtu wa hivyo: laini mbovu hakuweza kuiacha, na mzee hakuweza kumbishia.

Mama akawa ananipa hendeli nizungushe. Alisema nisiangalie kwa macho, nisikie kwa mkono. Wenzangu walikuwa wanacheza kwepena, mchezo wa kukwepa mpira, uwanjani, mimi najua laini ya Koboko inaumwa wapi.

Halafu ukaja mwaka ule wa sabini na tisa, wa vita. Malori yakapita na magodoro, mbuzi, na watu juu ya mbuzi. Wa posta wakaondoka mmoja mmoja. Mama hakuondoka, kwa sababu baba alikuwa ameamriwa asiache ubao wa Koboko, na yeye hakutaka kuvuka kwenda Kongo bila kujua habari zake.

Jumapili ya mwisho baba alikuja, akakaa kwenye mkeka, akaongea polepole.

"Mama Zaitun, kama mimi natoka na miguu yangu, nitakata waya kwanza. Ukisikia hendeli iko nyepesi, beba watoto na haboba, vuka. Tutakutana Ariwara. Lakini kama iko na uzito, na mutu hapana itika..."

Akanywa chai. Haboba akauliza, je, waya ukikatwa na mtu mwingine? Mama akamwongezea chai.

Siku tatu sauti ya baba ikaitika. Siku ya nne, posta tuko wawili tu, mama akachomeka kamba, akashika hendeli, akaiacha.

"Zaitun, zungusha wewe. Mkono yangu leo iko inaniongopea."

Nikazungusha. Ikakimbia. Nikarudia, maana miaka yote nyepesi ilikuwa habari mbaya, na siku ile nilikuwa naiomba kwa Mungu.

"Iko nyepesi, mama."

Akalaza kichwa juu ya ubao. Kisha akachomoa kamba, akaitundika mahali pake kama siku zote, akafunga mlango, tukaenda kumchukua haboba na wadogo zangu.

Ariwara, upande wa Kongo, tulikaa siku nne. Baba akafika bila baiskeli, miguu imevimba, koleo la kukatia waya mfukoni mwa shati.

"Mulipima?"

"Mutoto ndiye alipima," mama akasema.

Akakaa chini. "Laini ilikuwa nzima kabisa," alisema, kama mtu anayemsifu ng'ombe aliyemchinja mwenyewe.

Sasa wote wawili wako udongoni. Wajukuu wamenipa simu ya mfukoni. Mwanangu wa mwisho yuko Juba, nampigia, na sauti ya binti inaniambia hapatikani. Wajukuu wanacheka, wanasema, "Haboba, ni netiweki tu." Labda. Wiki ya tatu hii. Waya umekatika, au mtu hayuko? Ametoka na miguu yake? Yule binti hajui, anarudia maneno yake yale yale. Asubuhi naiweka simu kiganjani, naipima, na uzito wake ni ule wa jana.