Tundu Moja Tu

Enzi za Mwingereza, mafundi walikuja mtaani kwetu, Nyabiyonza, kung'oa mabomba ya maji yaliyoliwa na kutu na kuweka mapya. Bomba kuukuu lilivuja nyuma ya nyumba ya jirani yangu, mjane asiyeweza tena kubeba debe, na hapo ndipo alipopanda magimbi yake. Akamwambia fundi, "Mwanangu, hilo jipya nitobolee tundu moja tu."

"Bibi wee, bomba lenye tundu ni chujio!"

Tukacheka sote. Na yeye akacheka kidogo, kwa adabu.

Kazi ilikuwa safi, halikudondoka hata tone. Ndicho kilichomponza mwenzangu. Kiangazi nilimkuta amelaza kiganja juu ya udongo mkavu, magimbi yamenyauka.

"Nayasikia maji yanapita," akaniambia. "Yanakuja kwenu."