Mtani Aliyeifunga Mashine ya Asali

Benedikta alikuwa Mgogo, na katika kijiji chetu cha upande wa Ipole hilo ndilo jambo la kwanza ulilokuwa ukiambiwa juu yake. La pili ni kwamba usijaribu kubishana naye kama una kazi nyingine ya kufanya siku hiyo. Aliolewa na kaka yangu Lugembe, seremala, kwa hiyo kwangu alikuwa shemeji na mtani kwa mpigo. Wenzangu wakitukanwa mara moja, mimi natukanwa mara mbili.

Asiyejua utani wetu na Wagogo nimweleze kwa ufupi. Babu zetu Wanyamwezi walibeba pembe za wafanyabiashara wa Tabora mpaka pwani, na njia ilikatiza Ugogo, ambako hukuweza kupita bila kulipa hongo, yaani ushuru wa njia. Wakagombana, wakazoeana, wakazikana, wakaishia kuwa watani. Mtani akikwambia una kichwa kama boga, hukasiriki. Ukikasirika umeshindwa.

Zilikuwa enzi za vijiji vya Ujamaa, na kijiji chetu kilikuwa na mashine ya kukamulia asali: sanduku la mninga, kifuniko kinachozama ndani juu ya masega, na mti mrefu wa kukandamizia. Ilikuwa mali ya wote. Kila mtu aliruhusiwa kuiongezea wazo lake, na kijiji chochote kingeweza kuja kuipima kwa kamba kikatengeneze yake bure. Jambo zuri sana, mpaka siku ya kuionyesha.

Sabasaba ya kwanza tuliipeleka Tabora mjini. Asubuhi ileile mtu mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa bado ni jirani yangu, aliona mdomo mmoja wa kutolea asali hautoshi, akatoboa wa pili. Sanduku likapasuka mbele ya mgeni rasmi. Asali ikamwagika chini, nyuki wakaja sijui kutoka wapi, na mgeni rasmi akatimua mbio na kiti chake mkononi. Aliyetoboa hakuonekana tena mpaka jioni. Aliyebaki kuchekwa ni Lugembe, kwa kuwa ndiye aliyeitengeneza. Huku nyumbani watoto wakamwita Fundi Mwaga-Asali. Akaisukuma randa chini ya kitanda, akarudi kulima tumbaku, na mtu aliyekuwa hawezi kupiga msumari bila kupiga mluzi akawa kimya kama gogo.

Aliyeumia zaidi ni Benedikta. Mwaka uliofuata kijiji kilipotaka mashine nyingine, alisimama mkutanoni.

"Mume wangu atashika randa," akasema, "kwa sharti moja. Wiki mbili kabla ya Sabasaba mashine inafungwa. Kilichoharibika kitarekebishwa. Kipya hakiingii, hata kiwe cha dhahabu."

Mwenyekiti wetu, Kashindye, akakuna kidevu. "Na nani atatuzuia, ndugu? Hapa sote ni jamaa. Ukimkatalia mtu wazo lake, hakualiki harusini."

"Nitawazuia mimi. Mimi mtani wenu, mtaninunia kwa lipi?"

Tulipiga makofi. Hatukujua tunajifunga wenyewe.

Siku ilipofika akaizungushia mashine kamba ya magome ya miombo, akaketi mbele yake akichambua mlenda. Tukaanza kuja mmoja mmoja. Mwenyekiti alitaka kibao chenye jina la kijiji, na lake kwa chini, dogo tu. Akafukuzwa. Mimi nilileta kengele ya baiskeli, ilie asali ikijaa, na mpaka leo sioni ubaya wake.

"Asali ikijaa si utaiona, shemeji? Au mnakamua mmefumba macho?" Kisha akapaza sauti kijiji kizima kisikie: "Wapagazi nyie! Mkiona kitu kimesimama, lazima mkibebeshe mzigo!"

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Tukawa wajanja. Tukaacha kusema tunaongeza, tukasema tunarekebisha. Mzee Ngollo alikuja na kipaa cha nyasi cha kuitia mashine kivuli, akadai anarekebisha jua.

"Shikamoo babu. Jua limeharibika?"

Lakini mguu mmoja wa mashine ulipoonekana unacheza, Benedikta mwenyewe alikimbia kumwita mumewe aje na kabari. Mguu ni ugonjwa, alisema, kipaa ni urembo.

Jioni ya mwisho, lori likiwa linakuja kesho yake, nilikuwa kwao nikila. Lugembe akatoka ndani na kitu ndani ya gunia. Ilikuwa skrubu ya mninga, nene kama paja, aliyoichonga kwa siri. Ingezungushwa taratibu na kukandamiza kifuniko, badala ya sisi kuning'inia kwenye mti kama tumbili. Sijawahi kuona kazi yake nzuri kuliko ile. Na alikuwa anapiga mluzi.

Benedikta akaipapasa kutoka juu mpaka chini. "Imeshakamua sega hata moja?"

"Bado. Lakini nimeipima, Mama Anton, inaingia vizuri."

"Basi ni ya mwakani, Baba Anton."

Nilingoja tusi, halikuja. Kwa mumewe utani haukumfaa. Ilibidi aseme hapana tupu.

"Hata wewe huniamini?" Lugembe akauliza.

"Wewe nakuamini. Skrubu hii bado."

Akaingia ndani bila kula. Nilimwonea uchungu kaka yangu, nikasema wazi, "Shemeji, hapo umezidi."

"Kula unyamaze," akanijibu, naye hakula.

Sabasaba ilipofika, mashine yetu ilikuwa ya kawaida kuliko zote pale uwanjani. Tulining'inia kwenye mti, mti ukalia, asali ikatoka polepole hata nikaona aibu. Lakini ilitoka. Ikajaza debe la kwanza, ikajaza la pili, na mgeni rasmi akabaki amekaa. Watu wa vijiji vya Choma na Ziba wakaanza kuipima kwa kamba. Mzee mmoja wa Ziba, Masolwa, akalipiga sanduku kofi la upendo akauliza, "Fundi wake ni nani?"

Sote tukamsukuma Lugembe mbele. Alikuwa hajasema neno na mkewe tangu jana yake.

"Mbao nilizipiga randa mimi, baba," akasema. "Lakini jana nusura niiharibu kwa mikono yangu. Aliyeiokoa ni huyu mke wangu."

Tukamgeukia Benedikta, tukisubiri atutukane. Akavuta ncha ya khanga akalia mbele yetu. Lugembe akamshika mkono hadharani, jambo ambalo wanaume wa kwetu hatulifanyi, na hakuna mtani aliyecheka.