Nani Alitoa Jiwe la Gurudumu

Kabla hujaniuliza kama nilikuwa nimekunywa, jibu ni hapana. Pombe sijawahi kuonja, uliza mtu yeyote wa kanisa letu. Na usiniambie nilikuwa naota. Ndoto haimwachii mtu kovu kwa bega. Haya yalinipata mimi mwenyewe, tena saa saba mchana, jua likiwaka hadi kuku hawatoki kivulini. Watu wanafikiri mambo kama haya hungoja giza. Nani aliwadanganya?

Ilikuwa miaka ya sabini. Mimi mtu wa kijiji cha Tulia, fundi wa lori la mwenye duka mmoja wa Kitui. Dereva wangu alikuwa Mzee Kilonzo, shemasi, mtu mzuri lakini mdomo moto. Tulipendana, niamini. Alinitafutia hiyo kazi yeye mwenyewe. Kitu kimoja tu kilitugombanisha: grisi.

Wacha nikueleze, maana bila hivyo hutaelewa lolote. Ile shafti ndefu inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma si chuma kimoja. Ni vyuma viwili, kimoja kinaingia ndani ya kingine kwa meno, ili lori likirukaruka kwa mashimo shafti irefuke na ifupike. Hayo meno yanataka grisi. Kwa barabara zetu za vumbi, nilisema kila wiki: panguza tundu lake, piga grisi mpaka ile chafu yote itoke. Mzee akasema ninamchelewesha. "Grisi, grisi! Kwani umeoa grisi?" Siku moja tukatupiana maneno sokoni Matiliku, watu wamejaa. Nikamwambia, "Mzee, hiyo kiburi yako itakuua siku moja." Nilisema hivyo. Siwezi kukana.

Kesho yake tulitoka Kalamba na magunia ya mbaazi. Tulipovuka mto mkavu wa mchanga na kuanza kupanda upande wa pili, shafti ikapiga, gu! gu! gu! Nikamwambia asimamishe. Nikaingia chini, nikaona nilichokuwa nikitabiri. Meno yameshikana kabisa, yamejaa kutu na vumbi. Tungeendelea hivyo tungevunja kila kitu.

Sasa sikiliza vizuri. Breki ya mkono ya lori lile ilishika kwenye shafti, haikushika magurudumu. Ukifungua shafti, breki huna, gia huna. Lori linabaki kushikiliwa na mawe tu. Kwa hivyo nilitafuta mawe mawili makubwa mimi mwenyewe, nikayapiga kwa nyundo nyuma ya magurudumu ya nyuma, moja kushoto, moja kulia. Mzee aliniona nikiyaweka. Kisha akachukua kopo akarudi Kalamba kutafuta mafuta ya taa ya kulainisha ile kutu, akinung'unika njia nzima.

Nikalala chali katikati ya magurudumu, miguu imeelekea mbele. Nikafungua boliti za nyuma, shafti ikalegea mwisho mmoja. Nikaanza kugonga ile sehemu iliyoshikana, kuzunguka pande zote, maana ukigonga mahali pamoja unaibonyeza. Wapi! Haikutingika.

Mara nikaona buti za Mzee karibu na gurudumu la kulia. Zile buti nilizijua kama ninavyojua mikono yangu. Za polisi, za mtumba, na ya kushoto ilifungwa kwa waya wa shaba badala ya kamba. Nikasema, "Mzee, umerudi upesi." Kimya. Nikajua bado ana hasira. Kopo likasukumwa chini ya lori, limejaa mafuta ya taa. Nikamimina kwa meno, nikangoja, nikagonga tena. Nyundo ikaniponyoka ikaviringika upande wake. Mkono ukanirudishia, mpini mbele, taratibu, kama mtu anayempa mgeni kisu.

Hapo ningepaswa kushtuka. Mzee Kilonzo alirusha vifaa, hakuwahi kunipa kitu kwa adabu namna hiyo hata siku moja. Na buti za mtu aliyetoka Kalamba kwa miguu, mbona hazikuwa na vumbi? Lakini wakati huohuo ile kitu ikaachilia! Chuma kikateleza ndani ya chuma, mimi nikafurahi kama mtoto. Nikapiga kelele, "Mzee, imekubali!"

Sauti ya Mzee ikanijibu. Lakini ilitoka nyuma, mbali, chini kule kwa mchanga. "Nini imekubali?"

Nikageuza kichwa. Naona buti zinakuja zikipanda, zimejaa vumbi, ya kushoto ina waya wa shaba. Nikatazama kulia. Zile nyingine bado zimesimama palepale. Ngai, Mungu wangu! Kisha nikaona ule mkono unashuka, unashika jiwe.

Nikapiga yowe, "Mzee, toka nyuma ya lori! Toka!" Unajua alifanya nini? Alisimama. Alisimama akaniuliza kwa nini ninamfokea kama mtoto.

Jiwe likatoka. Lile la kushoto halikuweza peke yake. Niligeuka nikabandika uso kwa mchanga, lori likapita juu yangu, chuma kikanichana bega. Nikasikia Mzee analia mara moja tu.

Lilimsukuma mpaka kwa ukingo wa mto, likambana mguu. Watu wa Kalamba walikuja wakasukuma lori wakamtoa. Upande wa kulia hapakuwa na mtu. Kopo la Mzee lilikuwa pale alipoangukia, limejaa, kizibo hakijafunguliwa. Na ile shafti ilikuwa ingali inadondosha mafuta ya taa. Niambie wewe, yalitoka wapi?

Mguu ulikatwa chini ya goti. Wiki ya pili nilienda hospitali, nikiwa na hamu ya kumweleza kilichovaa buti zake. Hakuningoja nikae. Akaniuliza polepole, "Kwa nini ulicheka?"

"Nilicheka lini, Mzee?"

"Ulipotoa jiwe. Ulikuwa umesimama kwa gurudumu la kulia, na ovaroli yako. Ukaniangalia, ukacheka, ukalitoa. Nilikuona kwa macho yangu."

Nikamwambia nilikuwa chini. Nikamwonyesha bega. Akageukia ukuta.

Watu walikumbuka maneno yangu ya Matiliku. Walisema nilitoa jiwe nikajitupa chini kujificha. Kazi nilifukuzwa. Halafu Jumapili moja Mzee aliingia kanisani na magongo, akasimama mbele, akasema amenisamehe. Akanyoosha mkono. Kanisa zima linaniangalia, akina mama wanalia. Ningefanya nini? Ningesema mbele ya madhabahu kwamba ni pepo, tena lenye sura yangu? Nikaupokea ule mkono. Kwa kuupokea nikakubali kosa ambalo sikufanya. Alikufa miaka mitatu baadaye, bado ananiita "mwanangu niliyemsamehe". Maneno hayo yaliniuma kuliko matusi. Bado yananiuma.

Basi wewe unayelala chini ya magari, usipokee spana kwa mkono ambao hujaona uso wake, hata kama buti unazijua. Toka kwanza, umwangalie. Na mwenzako naye ahakikishe amekuona wewe.