Mguu Uliokandwa Mapema

Mwaka 2008 ulipoanza, kura zilipozua fujo, magari yaliacha kupita barabara iliyo karibu na kwetu, mtaa wa Lindi, pale Kibera, Nairobi. Sisi wasichana wa timu tukaigeuza uwanja. Ilikuwa tambarare kuliko kiwanja chetu cha mawe, ila matairi yaliyochomwa yalikuwa yameacha nyaya kila mahali. Waya mmoja ulininasa nikikimbia na mpira, mguu wa kulia ukapinda, nikaanguka.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nane. Karo ya sekondari nyumbani haikuwepo, lakini mwalimu wa michezo wa shule moja ya bweni alikuwa ameahidi kuja Kawangware, hali ikitulia, kuchagua wasichana watakaosoma bure kwa sababu ya mpira. Nilikuwa winga mzuri na nilijijua. Nikikosa mchujo ule, ningebaki kufua nguo za watu pamoja na mama.

Kwetu, mguu ukiteguka hutafutwa mama wa mapacha. Watu huamini mkono wake una dawa. Katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga alikuwepo mmoja, mlango wa tatu, Mkamba wa Kitui, na miguu ya timu nzima ilikuwa imepita mikononi mwake. Lakini tangu kura, mama yangu, Mluhya mwenye shingo ngumu, alikuwa hamsalimii. Ilisemekana watu wa kwao walipiga kura vibaya. Mapacha wenyewe walikuwa na miaka minne na hawakuwa wamempigia mtu yeyote, lakini nao hawakusalimiwa.

"Niitie Mama Twins," nikamwambia mama.

"Kwani mimi sina mikono? Lala hapo."

Akachemsha maji, akatia chumvi, akanikanda kwa nguvu, kisha akauvuta mguu mpaka nikauma leso. Jioni akarudia. Asubuhi kifundo kilikuwa kimefura kama andazi, ngozi imegeuka nyeusi hadi vidoleni. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi langu lilifura kwa kulisikia.

Siku ya tatu mama alitoka bila kusema anakoenda, nikamsikia akibisha mlango wa tatu. Sijui walisemezana nini huko. Alirudi akiwa nyuma ya jirani, ameinamisha kichwa.

Jirani alibonyeza mifupa mmoja mmoja, akaniambia nijaribu kusimama.

"Haujavunjika," akasema. "Nani alikanda?"

Mama akageukia jiko, na jirani akaendelea.

"Mguu ukiwa bado moto haukandwi. Siku za kwanza unaupea baridi, unaupumzisha. Sasa hii mmeongeza."

Akaufunga kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, akauegemeza juu ya debe la unga, akanikataza mpira mwezi mzima. Uvimbe ulipopungua, kila asubuhi alinisimamisha kwa mguu ule mmoja, nimeshika fremu ya mlango wake, ili ujifunze tena kunibeba. Mapacha walisimama kando yangu kwa mguu mmoja, wakanishinda.

Mchujo ulikuja kabla mwezi haujaisha. Nilienda na mama, nikichechemea, viatu vya mpira nimevificha kwenye mfuko wa plastiki. Uwanjani nikamwomba mama anikubalie dakika kumi tu. Akavichukua viatu, akaviweka chini, akavikalia. Tukatazama winga mwingine akichaguliwa, msichana niliyekuwa nikimpita kila mara. Nililia mbele za watu. Mama hakuniambia pole, wala siku hiyo wala baadaye, na kwa hilo nilimkasirikia miaka mingi. Nguo za watu nilizifua.

Siku hizi nafundisha wasichana mpira huko huko Kawangware, kila Jumamosi. Kabla hawajagusa mpira nawasimamisha kwa mguu mmoja, kisha mwingine, na wananung'unika. Nawaacha wanung'unike. Mama huja kutazama, ingawa hadi leo hajui kwa nini mchezo husimamishwa kwa kuotea. Huketi kwenye jiwe na chupa ya maji aliyoyagandisha kwenye friji ya muuza soda.

Msichana akianguka na kushika kifundo, mama ndiye wa kwanza kufika. Huwasukuma wenzake waliokwisha kunyoosha mikono wamkande.

"Wacheni huo mguu," huwaambia. "Mimi niliharibu wa mtoto wangu hivyo hivyo."